Chumba cha Kusikiliza Milango

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na leo usiniitikie kwa mkato kama unavyowaitikia wateja wanaokuja kuulizia magari yao. Mimi ni mzima, nakula, nalala, baridi ya huku nimeshaizoea. Mwambie mama sweta aliyonifumia imefika. Mikono imezidi kidogo, sijui anadhani nimerefuka. Wewe kiuno vipi? Bado unainama chini ya magari kama kijana?

Sasa habari yenyewe, kaa kwanza. Nimetolewa kwenye kufunga bawaba, nimepelekwa Chumba cha Kusikiliza. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikisinzia kwenye viti vya magari mabovu gerejini kwako, sasa kazi yangu ni kusikiliza milango ya magari ya Korongo ikifungwa.

Chumba chenyewe kuta zake zimevalishwa magodoro, chini zulia, na saa ya ukutani hakuna kwa sababu ya tiki-tiki yake. Gari likishakamilika linasukumwa kwa mikono mpaka ndani. Tuko wawili. Mwenzangu ni mzee wanamwita Kimya, alikuwa hapa kabla mimi sijaanza shule. Mmoja anafunga mlango, mwingine amegeukia ukuta na kufumba macho, kisha tunabadilishana. Tukikubaliana wote wawili, gari linatoka. Mmoja akikataa, mlango unarudi kwa mafundi.

Uliwahi kuniuliza kwa nini magari mengine yanasifiwa kwa injini, Korongo likasifiwa kwa mlango. Wageni wanaotembezwa kiwandani wanaambiwa hivi: mwanzilishi alikuwa seremala wa makabati ya matajiri, na mkewe alikuwa na maradhi ya kichwa, kelele kidogo tu inamlaza kitandani siku nzima. Kwa mapenzi yake akabuni mlango unaofunga kwa sauti moja, ndogo, nzito: dup. Alipoanza kuunda magari akauhamishia huko. Wageni wanafuta machozi, wanapiga picha.

Mafundi wana yao. Wanasema bwana yule alikuwa mtu wa starehe, anarudi nyumbani kunakaribia kucha, na mkewe alikuwa mzima wa afya, tena mwenye mkono mzito. Mlango ulibuniwa kwa woga, mjomba! Mimi naamini ya mafundi.

Kimya alinikaribisha kwa kopo la pamba. Ndiyo desturi ya wasikilizaji wote: ukitoka kazini unaziba masikio mpaka kesho yake, barabarani, sokoni, hata kitandani, yasije yakachoka na makelele ya bure. Jirani yangu akinisalimu namwitikia kwa kichwa tu. Anaona nina maringo.

Msalimie mama sana.

Mpwa wako, mwenye masikio ya thamani

*

27 Februari

Mpwa wangu mwenye masikio ya thamani,

Marahaba, tena marahaba ndefu. Kiuno changu kizima, chako kikifika umri huu utaniambia. Mama yako hajambo, nimempa barua yako akaisoma mara mbili, kisha akanichukulia kalamu akaandika kwenye daftari letu: "Mikono mirefu ni ya kukunja." Unajua mimi na yeye tunavyoishi, kila kitu kwa kuandikiana, mimi jikoni nachora herufi kubwa kama mwalimu wa chekechea.

Nimefurahi mpaka nimewaambia mtaa mzima. Mwenye duka la vipuri hapo mkabala hataki kuamini kuna mtu anaajiriwa kusikiliza mlango. Kasema na yeye ana mama mkwe wa kusikiliza milango, mtamwajiri?

Huku kwetu, usicheke, Korongo lina sifa zake nyingine. Wanasema ukiliona limeegeshwa nje ya ofisi ujue kuna mtu anafukuzwa kazi. Wengine wanasema halijawahi kuendeshwa na mtu mwenye njaa. Na sasa ninalo moja hapa gerejini! La jaji mstaafu, jeusi, mzee kanisimamia kichwani akinihutubia habari za heshima ya gari hili. Tatizo lake: mlango wa nyuma ukiufunga, kuku wa jirani wanaruka. Ile dup unayoisema haipo. Nimemwambia labda kauziwa Korongo la bandia, akanuna wiki nzima. Hebu niulizie huko.

Jambo moja zaidi, na usinijibu kwa hasira, unajua kwa nini nauliza. Masikio yako yako salama? Ya bibi yako yalizimika. Ya mama yako yakazimika alipokuwa na umri kama wako huu. Sasa kwa kazi hiyo, mjomba lazima aulize.

Mimi Mjomba wako

*

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Niko salama. Mama nimemfumia kitambaa cha kichwa, kitakuja na barua nyingine.

Gari la jaji si la bandia. Mwambie ni la miaka ya sufuria, ndivyo wanavyoiita hapa. Familia ya mwanzilishi iliuza kiwanda, wenye mali wapya wakaona mlango ni bati tu, wakapunguza bati, wakapunguza mpira, na wakaivunja ile karakana ya zamani ya bawaba. Magari yakatoka mengi, ya bei ile ile. Halafu siku moja balozi mmoja akashuka mbele ya umati, mlango ukapiga kama mfuniko wa sufuria, watu wakacheka. Kicheko hicho kiliwatesa. Sifa waliyoijenga tangu enzi za makabati iliisha ndani ya miaka michache, wateja wakahamia kwa wengine. Aliyewaokoa ni mama mmoja wa kitengo cha kushona viti. Alikwenda kwa wakubwa akawaambia, wekeni watu wawili wasikilize kila mlango, na msiwapangie la kusema. Ndiyo asili ya chumba chetu.

Sasa nikuambie linaloninyima raha. Miaka ya sufuria inarudi. Sitanii. Tangu mwezi uliopita milango inayoletwa imekufa sauti. Hakuna uzito, hakuna ile dup, ni kama mtu anadondosha nguo. Nakataa mmoja, nakataa wa pili, Kimya ananitazama na kusema, "Sikiliza tena, binti." Nasikiliza tena, nakataa tena. Magari yamejaa uani. Msimamizi amekuja mara tatu na tabasamu la uongo. Nadhani Kimya wamemweka sawa. Mzee mwenye heshima zake zote! Lakini mimi sitikisiki. Jina la Korongo likianguka tena, halitaangukia mikononi mwangu.

Samahani barua ni fupi.

Mpwa wako

*

11 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yako amepata maua ya kupanda, amenigeuzia makopo yangu yote ya grisi kuwa vyungu. Jaji nimemweleza habari ya sufuria kwa upole, akasema basi na yeye ni sehemu ya historia. Watu wakubwa hawakosi pa kusimama!

Hukunijibu swali langu. Haya, nimelipita.

Nina ombi la kazi. Kwenye bahasha hii kuna kadi ndogo ya simu, nimerekodi mlango wa nyuma wa jaji mara mbili: kwanza nilivyoupokea, pili baada ya kuhangaika nao kwa bawaba mpya na mpira mnene. Kelele nilizizuia, hata nyundo nilizinyamazisha gereji nzima. Nisikilizie, uniambie kama nimeupatia au nianze upya. Nani mwingine nimuulize, wakati mpwa wangu ndiye hakimu wa milango?

Mjomba wako

*

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikiliza kadi yako. Usinichukie, lakini zote mbili ni sufuria tupu. Ya pili hata sijui ulibadilisha nini. Anza upya.

Huku mambo yameharibika. Jana nilimpandishia Kimya sauti mbele ya mafundi wa milango, nikamwita mzee aliyeuza masikio yake. Alichukua kofia yake akaenda kukaa uani juu ya tairi. Msimamizi ameniita, anasema mwisho wa Julai atakuja msikilizaji wa tatu kutoka kiwanda kingine, na mmoja wetu ataondoka. Mafundi hawanisalimii tena. Au wananisalimia, sijui, siwasikii wanapopita.

Usinipigie simu, kwanza simu yenyewe siku hizi haisikiki vizuri, mtandao mbovu. Birika langu nalo limeharibika, halipigi filimbi tena. Kila kitu kimeamua kunisusia.

Barua hii usimwonyeshe mama.

Mpwa wako

*

24 Mei

Mwanangu,

Leo sikuiti mpwa, wala sina utani. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Mlango wa pili wa kadi ile si sufuria. Siku nilipoumaliza, watu walikusanyika hapa gerejini wakawa wanaufunga kwa zamu kama watoto. Jaji alilia, mzee mzima, akajifanya vumbi limemwingia. Nilipopata barua yako nilidhani kadi imeharibika njiani. Bahati nilibaki na nakala, nikamsikilizisha mwenye duka la vipuri, nikamsikilizisha muuza matairi, nikamsikilizisha na yule fundi rangi anayeropoka ovyo. Kila mmoja alitofautisha milango hiyo miwili bila kufikiri. Wewe hukutofautisha.

Birika haliharibiki filimbi, mwanangu. Mtandao hauwi mbovu upande mmoja tu. Milango ya Korongo labda ni ile ile, na mzee Kimya labda hajauza chochote.

Hivi ndivyo ilivyoanza kwa mama yako. Alilaumu redio. Akabadilisha redio. Akanituhumu mimi kuwa nanong'ona makusudi ili kumsengenya. Nilikuwa kijana, nikacheka.

Nenda kwa daktari wa masikio. Naogopa, nakuambia wazi, naogopa kuliko unavyodhani. Lakini nenda.

Mjomba

*

30 Juni

Mwanangu,

Hujajibu. Najua barua ilifika, maana kaka wa posta kaniambia.

Kama umenikasirikia, sawa, kasirika. Kama umeacha kwenda kwa sababu hutaki kuambiwa, nalo nalielewa. Ila nisikilize hili moja. Likiwa ni lile tunaloliogopa, hutaanza peke yako kama mama yako alivyoanza. Chumba chako kiko pale pale, kitanda nimekitandika. Kazi gerejini zipo, vidole vyako vinajua bawaba bila masikio. Njoo tu, au usije, lakini andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako anayekupenda

*

9 Julai

Mjomba, mjomba, mjomba!

Shikamoo mia! Naandika nimesimama maana kukaa siwezi. Nasikia! Nasikia kalamu ikikwaruza karatasi, nasikia mtu wa juu akiburuta kiti, nasikia birika, limepiga filimbi mpaka nikaliomba radhi!

Ngoja nikueleze kwa mpangilio. Barua yako ya Mei niliisoma nikaitupa chini ya godoro. Nilijua, mjomba. Nilijua tangu uliponiuliza mara ya kwanza. Nilikuwa nasimama katika chumba kile nimegeukia ukuta, na mlango unafungwa, na sisikii kitu, na moyo unaniambia, basi, zamu yako imefika. Lakini kukubali nilishindwa. Afadhali kiwanda kizima kiwe kimeoza kuliko mimi niwe kama bibi. Ndiyo maana nilipigana vile. Sikuwa nalilinda Korongo, nilikuwa najilinda mimi.

Iliponifikia ya pili, ya kitanda, nililia nikavaa viatu nikaenda.

Daktari ni mama mmoja mnene, mchangamfu, ana kitochi kichwani kama mchimba madini. Akachungulia sikio la kushoto. Akachungulia tena. Mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa kuandika, maana alishaona simsikii vizuri: "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia nasikiliza milango. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Akachukua kibano kirefu, akaingiza, akavuta.

Pamba, mjomba! Kipande cheusi, kigumu kama punje ya mahindi iliyoungua. Akakiweka kwenye kisahani. Akarudi, akatoa kingine! Ile pamba ya Kimya, niliyokuwa nikiishindilia kila jioni ili kuyatunza masikio, ilikuwa inakatika inabaki ndani, na kesho yake nashindilia nyingine juu yake. Sikio la kulia halikuwa na pamba bali nta iliyosukumwa mpaka mwisho. Akaniosha yote mawili kwa maji ya uvuguvugu, na kitu cha kwanza nilichosikia ni mama yule akicheka. Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Nami nikaangua kilio, nikasikia kilio changu kilivyo kibaya, nikazidi kulia.

Nilimweleza habari za bibi na mama. Akaacha kucheka, akanipima na mashine kwa muda mrefu sana, sauti ndogo, sauti nyembamba. Mazima, mjomba. Yote mawili. Amesema hakuna dalili yoyote, nirudi kupimwa kila mwaka kwa ajili ya tahadhari, na akiniona tena na pamba atanishtaki.

Kesho yake nilimfuata Kimya uani, nikampigia magoti hasa. Nikamwambia yote. Mzee akatoa kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kiwandani. Kumbe alishaanza kushuku, akawa anamzuia msimamizi asinifukuze, anamwambia huyu binti ana wasiwasi mzuri, mwacheni. Na mimi nilimwita aliyeuza masikio! Tuliyarudisha magari yote ya uani ndani, moja moja. Milango ilikuwa mizuri, mjomba, mizuri sana, dup, dup, mpaka raha. Isipokuwa mmoja. Mmoja kweli ulikuwa mbovu, mpira ulikaa upande, na huo Kimya alikuwa ameupitisha. Alikuna kichwa, akasema ataenda kumwona daktari wangu na yeye.

Msikilizaji wa tatu anakuja vile vile, ila hakuna anayeondoka. Na makopo ya pamba yamekusanywa, tumepewa vizibo vya mpira vyenye uzi vya kuvutia.

Kadi yako nimeisikiliza tena. Mjomba, mlango ule wa pili! Umeupatia. Hapa tungeupitisha bila neno. Msimamizi ameusikiliza, ameuliza wewe ni nani.

Sasa mwonyeshe mama barua zote. Nilimficha kwa sababu nilimwogopa yeye kuliko daktari. Mwambie niko salama.

Mpwa wako anayesikia

*

1 Agosti

Mpwa wangu anayesikia,

Marahaba mia na moja! Barua yako niliisomea chini ya gari, nikainuka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye ekseli, sasa nina nundu na sijali. Nimekaa chini nikalia kama mtoto. Mwenye duka la vipuri alikuja mbio akidhani kuna msiba. Nilipomweleza kuhusu pamba, kasema yule mama mkwe wake naye achunguzwe, pengine miaka yote hii anabandika sikio mlangoni kwa sababu hasikii.

Mwambie msimamizi wako mimi ni mjomba, basi, inatosha.

Sasa habari ya mama yako, na hii ndiyo hasa nilitaka kukuandikia. Ulisema nisimwonyeshe barua ile ya Mei, na sikumwonyesha. Lakini aliiona bahasha, akaona hakupewa, akajua. Hakulia wala hakuniuliza. Kesho yake alikuja gerejini, akanivua glavu, akanikalisha kwenye kiti cha gari la jaji, akaanza kunifundisha maneno ya mikono. Yale aliyojifunza kwenye kile chama chao cha viziwi, ambayo sisi wote humu ndani hatukuwahi kuyajali, tulikuwa na daftari. Aliniandikia mstari mmoja tu: "Mtoto akirudi, asikute ni mimi peke yangu ninayeongea."

Basi kila siku baada ya kazi, masomo. Ana ukali, mwalimu huyo! Nikikosea ananipiga kofi la kiganjani. Vidole vyangu vya spana vinakuwa vizito, nataka kusema "chai" nasema "mbuzi". Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi.

Barua yako ya pamba nilimpa juzi. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye kibano akakaa. Alipofika kwenye "mazima, yote mawili" akafunika uso kwa karatasi, mabega yanatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha analia, kisha vyote. Alipotulia nikamwambia kwa mikono, polepole, kwamba sasa basi, masomo tuyaache, mtoto hayahitaji.

Alinitazama kama nimemtukana. Akanijibu kwa mikono, haraka mno, nikamwomba arudie. Akarudia: "Mimi je?"

Mpwa wangu, miaka yote hii dada yangu nilikuwa namwandikia "chakula tayari" na "fundi umeme amekuja". Jana tulikaa uani, akanisimulia jinsi baba yako alivyomtongoza, hadithi ambayo sikuwahi kuisikia, na ni ndefu, na ina matusi. Nilisahau kuwa dada yangu ni mwenye maneno mengi hivi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mara mbili aliniambia nikome kumkatiza.

Amesema ukija likizo tutakufundisha na wewe, sote watatu tuseme vizuri.

Sisi wawili,
Mjomba wako, na mama yako anayenisomea begani na kunirekebisha